Mchanga Ndani ya Friza

Ayoub alikuwa na maneno mawili tu ya kazi, na maneno hayo mawili yalimlisha kwa miaka ishirini na mbili.

Alikuwa fundi wa mafriji. Kibanda chake kilikuwa katika uchochoro wa nyuma ya Darajani, pale yalipopangana maduka ya mitumba ya Ulaya: magodoro, majiko, mashine za kufulia, na mafriji yaliyojazana nje mpaka mpita njia akalazimika kwenda upande upande. Mali hiyo huja ndani ya makontena. Mwenye duka huichomeka kila friji kwa siku mbili tatu, akajua ipi inagandisha na ipi inatoa kibaridi cha asubuhi kisha ikazima. Mnunuzi hajui. Anachokiona yeye ni mlango uliosuguliwa kwa sabuni na taa ya ndani inayowaka. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake alikuwa haendi kununua bila ya kumpitia Ayoub.

Ayoub hupiga magoti nyuma ya friji. Ncha ya bisibisi yake ndefu huigusisha kwenye kompresa, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kompresa nzima hutoa sauti moja iliyonyooka, kama mtu aliyelala usingizi wa adhuhuri. Iliyochoka hukohoa, husaga, husitasita inapoanza. Akishatosheka hunyanyuka, akajipangusa magoti, na akasema neno. Ikiwa nzima, husema, "Mashaallah." Ikiwa mbovu, husema, "Inshaallah tutarudi."

Hakufundishwa na mtu. Ilianza kwa haya zake tu. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kutazama chini, na hakuweza kumwambia mwenye mali usoni kuwa mali yake mbovu. Mtaa mzima ukazoea. Mwenye duka akisikia inshaallah ya Ayoub, huivuta friji yake ndani bila ya ubishi, au huanza kushusha bei kabla mnunuzi hajafungua kinywa. Wenye maduka walijaribu kumnunua, huyu kwa kitambaa cha kanzu, yule kwa mguu wa mbuzi siku ya Idi. Alivirudisha vyote, na kwa kuwa ni mtu wa haya, alivirudisha kwa kuviacha mlangoni na kukimbia.

Huyo ndiye Ayoub ambaye Kazija alimwita "fundi wangu."

Kazija alikuwa mtu wa Bwejuu, mjane wa miaka arubaini na kitu, mnunuzi wa pweza. Wanawake wa kijijini humletea wakitoka mwambani, naye pweza hao huwapeleka kwenye hoteli au huwauzia wanunuzi wa mjini. Ayoub alimjua kwa miaka mitatu, tangu siku alipoleta friji yake ndogo iliyoshika kutu kwa hewa ya chumvi. Kila alipokuja mjini alimpitia. Hukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavua viatu, akapiga domo: nani kaachwa, nani kaolewa, hoteli ipi hailipi. Ayoub alikuwa haongezi neno. Lakini siku ambazo Kazija alikuja, hakuna fundi aliyefanya kazi nzuri kuliko yeye, na siku ambazo hakuja, aliudhiwa hata na nzi.

Ayoub na mkewe walikuwa wameachana zamani. Maneno ya kumwambia Kazija alikuwa nayo. Aliyatengeneza akiwa peke yake, akayapunguza, akayapanga upya. Kila Kazija alipokaa juu ya ile ndoo, maneno yote yalikimbia, akabaki na bisibisi.

Na ng'ambo ya uchochoro, dirisha kwa dirisha na kibanda chake, lilikuwa duka la Ghanim.

Ghanim na Ayoub walisoma pamoja mpaka darasa la saba, na wote wawili hawakuendelea. Lakini Ghanim, mtoto wa Kiarabu wa mjini, alikuwa na kinywa. Mwalimu akiuliza swali, Ghanim husimama akajibu uongo kwa sauti nzuri na darasa likampigia makofi. Ayoub alijua jibu na akalimeza. Miaka mingi imepita na hali ilikuwa ile ile. Ghanim alikuwa na duka, gari, meno meupe, mafuta mazuri, na wake wawili. Mtu akipita, hata kama hanunui, Ghanim alimchekesha. Ayoub alikuwa hasemi ubaya wake kwa mtu. Ila alijua Ghanim ana kanzu ngapi, na ipi kaivaa mara ngapi.

Kazija alikuja siku ya Jumanne, akakaa juu ya ndoo na hakuvua viatu.

"Fundi wangu, leo sikuja kupiga soga. Nnataka friza kubwa, ile ya kufungulia juu. Na nnaitaka ndani ya wiki hii."

"Ya nini kubwa?"

"Mwamba unafunguliwa Alkhamisi ya wiki ijayo."

Kijiji kilikuwa kimefunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Siku ya kufungua, wanawake wote huingia maji yakitoka, na pweza huwa wengi na wakubwa kuliko siku yoyote.

"Mwaka jana walinitia adabu," alisema Kazija. "Wale wanunuzi wa mjini wanajua kama sina pa kuwaweka pweza. Wanakaa kivulini, wanakunywa dafu, hawana haraka. Mie nnawatazama pweza, jua nalo linawatazama. Ikifika saa tisa, hiyo bei wanataja wao. Hoteli zinanunua kwa ngapi siku hiyo, hawakwambii ng'o. Nkiwa na friza, Ayoub, ntakunywa dafu na mie."

Alicheka, na Ayoub akacheka.

"Ghanim kanambia ana friza tano," alisema Kazija. "Twende ukanisikilizie."

Kicheko cha Ayoub kilikatikia njiani. Ghanim kamwambia. Kamwambia lini? Kwa simu? Namba kapewa na nani?

Walivuka uchochoro. Ghanim alikuwa mlangoni na kanzu ya rangi ya maziwa ambayo Ayoub hakuwahi kuiona. Alipomwona Kazija alitanua mikono.

"Kazija wee! Umenenepa! Hao pweza unawauza au unawala?"

"Nyoo! Mwenyewe tumbo hilo, utajifungua lini?"

Akampiga tumboni kwa pochi. Ghanim akamshika mkono. Hakumpa mkono, alimshika, vidole ndani ya vidole, akamvuta ndani ya duka huku akimwambia mambo kwa sauti ya chini, na Kazija akicheka mpaka mtandio ukamteleza mabegani. Nywele zikawa wazi, mchana, mbele ya mwanamme. Wala hakuwa na haraka ya kuurudisha.

Ayoub alibaki kwenye kizingiti na bisibisi yake. Miaka mitatu Kazija alikaa kwake juu ya ndoo, na mtandio haukuwahi kusogea hata unywele mmoja kuchungulia. Ana wake wawili, alijisemea, na sasa anamtaka wa tatu. Na atampata. Kila kitu anakipata.

"Ayoub!" aliita Ghanim.

"Naam."

"Njoo bwana, unaogopa nini? Mie ndo nilomwambia akulete. Hizi nimezichukua tano kwa mpigo, zimetoka hoteli moja ilofungwa huko Ulaya, nami sijazichomeka hata siku moja. Ndani yake sijui kuna nini. Kazija simuuzii kitu ambacho wewe hujakisikiliza."

Mtu mwengine angesikia heshima katika maneno hayo. Ayoub alisikia mtu anayejifanya mwema mbele ya mwanamke.

Ghanim akaichomeka moja, Ayoub akapiga magoti. Akagusisha ncha, akaweka sikio, akafumba macho.

Alikuwa hajapata kusikia mashine nzuri kama ile kwa miaka mingi. Ilianza bila ya mshtuko, ikatulia mara moja, sauti moja, safi. Friza kama ile ingefanya kazi miaka kumi juu ya umeme wetu huu na isiugue. Na nyuma yake, juu ya sauti ile nzuri, Kazija alikuwa anacheka tena, na Ghanim anamwambia, "Wacha we, mbona hukunambia?"

Ayoub alinyanyuka. Akajipangusa magoti.

"Inshaallah tutarudi," alisema.

Ghanim alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ayoub. Hebu isikilize tena."

Akapiga magoti mara ya pili. Ilikuwa ile ile, nzuri vile vile. Alipata nafasi ya kurudi nyuma na hakurudi.

"Nshasikia. Inshaallah."

"Ina nini?" aliuliza Kazija.

Hapo ndipo ilipombidi aseme neno la tatu, na neno la tatu hakuwa nalo. Akaokota la kwanza lililomjia mdomoni.

"Mchanga," alisema. "Kompresa ina sauti ya mchanga."

Hakuna kitu kama hicho. Katika maisha yake yote ya ufundi hajawahi kusikia kompresa yenye mchanga. Lakini Ghanim alishika kichwa.

"Basi siuzi," alimwambia Kazija. "Hata ungenipa nini, kwako wewe siuzi."

Jioni ile Ayoub alimwonesha Kazija friza aliyokuwa nayo kibandani mwake. Ilikuwa nzima lakini ndogo, nusu ya ile ya Ghanim, aliyoijenga upya kwa mikono yake. Alimpa kwa bei ya vipuri tu. Kazija aliizunguka, akaipima kwa mikono.

"Ndogo, fundi wangu."

"Ndogo, lakini salama."

"Basi. Ukisema wewe, nimesema na mie."

Neno hilo lilimchoma kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Aliipeleka mwenyewe Bwejuu Ijumaa, juu ya gari ya mizigo, akaikalisha kwenye ukumbi wa nyumba ya Kazija, akaiwekea vigingi vya mbao isikanyage unyevu. Akapewa chai na mkate wa kumimina. Kazija aliketi kwenye mkeka mbele yake, na kwa mara ya kwanza Ayoub alihisi kuwa maneno yake yako karibu. Simu ya Kazija ikalia juu ya mkeka, na juu ya kioo Ayoub akasoma jina: Ghanim.

"Ntampigia baadae," alisema Kazija, akaigeuza simu kifudifudi.

Kaigeuza ili mimi nisione, aliwaza Ayoub. Chai iliyobaki aliinywa kama dawa.

Siku ya pili yake Ghanim alivuka uchochoro, akaja kukaa juu ya ndoo, pale pale anapokaa Kazija. Hata hilo lilimuudhi Ayoub.

"Nambie, huo mchanga unakuaje?"

Ayoub alikuwa anakaza skrubu. "Unakuwa... kwa ndani. Kama unasaga."

"Nimetia sikio mpaka limeniuma. Mie nasikia sawasawa tu."

"Huwezi kusikia wewe."

"Kweli, siwezi." Ghanim alitikisa kichwa. "Zile tano zote zimetoka pahala pamoja, kwa hivyo zote ndo hivyo. Nimezitoa, Ayoub. Nimezitupa kwa bei ya chuma chakavu, na kila alochukua nimemwambia: hii ina mchanga, fundi Ayoub kasema, usije ukanilaumu. Sitaki laana ya mtu."

Ayoub alikaza skrubu ile mpaka ikakatika kichwa. Alitaka Ghanim afanye ujanja. Alitaka asikie kuwa kazipaka rangi na kuziuza ghali kwa mtu wa shamba, ili chuki yake ipate pa kukaa. Ghanim alikuwa kasema kila kitu kwa kila mtu, na Ayoub akamwonea wivu hata kwa hilo.

Kisha mchanga ukaanza kutembea wenyewe. Uchochoro ule hauna siri. Wanunuzi wakaanza kuuliza, "Hii haina mchanga?" Mafundi wengine, ambao kwa miaka walikuwa nyuma ya Ayoub, wakaanza kuusikia. Fundi Ubwa, wa kibanda cha mwisho, alimsimamisha Ayoub akitoka msikitini.

"Bwana, huo mchanga uloutaja, nimeukuta jana kwenye friji mbili za Ghanim. Unasikika kwa mbali, ee? Shh, shh, kama mtu anapepeta mchele."

"Una hakika?"

"Kwa masikio yangu haya!"

Haikufika wiki, hakuna aliyesimama mbele ya duka la Ghanim. Alikaa mlangoni na tasbihi, na kicheko chake hakikusikika tena kuvuka uchochoro. Ayoub alikuwa ameota siku kama hiyo tangu darasa la saba. Ilipofika, aliikuta haina ladha, ila bado hakutaka kuirudisha.

Alkhamisi mwamba ukafunguliwa. Kazija alimpigia Ayoub simu saa nane mchana.

"Fundi wangu, imejaa! Imejaa hata sijafika nusu! Wanawake bado wanatoka na matenga, nami nshawaambia ntachukua wote!"

"Na wanunuzi?"

"Wapo. Wanakunywa dafu."

Ayoub akafunga kibanda na kwenda.

Alipofika Bwejuu alasiri ilikuwa imeshaingia. Alitarajia kumkuta Kazija amekaa chini, kashika tama. Alimkuta kwenye ua wa jirani yake, Bi Sichana, kajifunga kanga kiunoni, mikono imeingia ndani ya friza mpaka mabegani, na wanawake sita saba wanampokeza pweza waliooshwa na kufungwa kwenye mifuko. Wanunuzi walikuwa wameshaondoka mikono mitupu.

Friza ile Ayoub aliijua kabla hajaifikia.

"Fundi, karibu!" alisema Bi Sichana, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya harusini. "Njoo uone friza langu bovu! Nimelichukua kwa Ghanim kwa bei ya bure, kanambia lina mchanga litakufa kesho. Wiki ya pili hii, linanigandishia mpaka maji ya kunawa!"

Wanawake wakacheka. Kazija hakucheka. Alitoa mikono, akaipangusa kwa kanga, akamtazama Ayoub.

"Isikilize," alisema.

"Kazija..."

"Umekuja na bisibisi. Isikilize mbele yetu, utwambie mchanga uko wapi."

Akapiga magoti kwenye ua wa watu, miguu ya wanawake imemzunguka. Angesema tena inshaallah, Bi Sichana angeitoa friza ile kesho kwa hofu, na pweza wote wale wangeharibika. Sauti ilikuwa ile ile, sauti moja, safi. Alikaa nayo zaidi ya ilivyohitajika kwa sababu alikuwa hataki kunyanyuka.

"Mashaallah," alisema akiwa bado kwenye magoti.

"Limepona, ee?" alisema Bi Sichana. "Mchanga umetoka?"

"Haukuwemo. Hata siku ile haukuwemo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Kazija akamshika mshipi wa begi lake la vyombo, si mkono, akamwongoza mpaka nyuma ya ua, penye banda la kuku.

"Kwa nini?"

Ayoub alitazama kuku.

"Miaka mitatu, Ayoub. Watu nnawaambia, mwanamme asosema uongo duniani nimemwona mmoja. Kwa nini?"

"Alikushika mkono," alisema Ayoub.

"Nani?"

"Ghanim. Alikushika mkono, na mtandio wako ukaanguka, na hukuurudisha."

Kazija alimtazama, mdomo wazi. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichofanana na kikohozi.

"Ghanim nimenyonya naye."

Ayoub hakufahamu mara moja.

"Baba yake alikuwa na duka hapa, hapo penye shule, kabla hawajahamia mjini. Mama yake alipomzaa aliugua, hana maziwa. Mama yangu ndo alomnyonyesha, mie ziwa hili, yeye ziwa hili, miaka miwili mizima. Mama yangu ndo mama yake. Kijiji kizima kinajua. Ghanim ni ndugu yangu, haramu kwangu kama alivyo haramu kaka yangu wa tumbo moja. Nijifunike nini mbele yake?"

Kila alichokiona siku ile kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja alichokijua.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza. Na hata angekuwa si ndugu, kunishika mkono kulikuhusu nini wewe?"

Maneno yaliyotengenezwa miaka mitatu hayakuja. Yalikuja mengine, mabovu, mafupi.

"Kwa sababu mie nnakutaka. Tangu ile friji ya kutu."

Kuku mmoja alipita katikati yao. Kazija alikunja mikono.

"Ningejuaje?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira kweli kweli. "Unakaa umeinama, hutii neno, huitikii. Miaka mitatu nnakalia ndoo, unafikiri Darajani nzima hakuna kiti? Nikasema basi, huyu mtu hana haja na mie." Akavuta pumzi. "Umeniharibia siku yangu, ila Sichana kaniokoa. Ghanim umemharibia duka. Nenda kaseme. Si kwa Ghanim tu, kaseme huko huko yalikoenea maneno yako, kila aliyeyasikia ayasikie."

Ayoub alikwenda kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, wakati mafundi na wenye maduka wote hukaa kwenye baraza la muuza kahawa. Ghanim alikuwepo, pembeni, na kikombe chake. Ayoub alisimama. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu tangu shule.

"Mchanga haupo," alisema.

"Mchanga gani?" aliuliza mmoja.

"Wa friza za Ghanim. Niliutunga. Friza zake zilikuwa nzima."

Watu wakatazamana. Fundi Ubwa akaweka kikombe chini.

"Mchanga upo bwana. Mie mwenyewe nimeusikia."

"Na mie," alisema mwengine. "Juzi tu."

"Hakuna kitu kama hicho! Kompresa imezibwa kote, mchanga utaingilia wapi?" alisema Ayoub.

"Ayoub," alisema Ubwa kwa upole, kama anazungumza na mgonjwa. "Sema kweli. Ghanim kakupa ngapi?"

Hapo baraza zima likaguna, na Ayoub akaona vipi watu wanavyofahamu. Alipodanganya walimwamini kwa sababu hakuwahi kununuliwa. Sasa anasema kweli, na kweli inamfaa Ghanim, basi lazima kanunuliwa. Akimtazama Ghanim, Ghanim ametazama ndani ya kikombe. Angeondoka sasa, mchanga ungebaki kwenye uchochoro ule mpaka Ghanim afunge duka.

Lilikuwepo jambo moja tu ambalo wangeliamini, kwa kuwa hakuna mtu anayejitungia fedheha. Ayoub alilisema akiwa ametazama viatu vyake.

"Nilimwonea wivu. Kwa ajili ya mwanamke. Nilidhani anamtaka mwanamke nnayemtaka mie. Kumbe ndugu yake wa kunyonya."

Muuza kahawa akaanza kucheka, akafuatwa na mwengine, na baraza zima likaangua kicheko kilichowatoa wanawake madirishani juu.

"Ayoub! Ayoub yule yule?"

"Kumbe ana moyo huyu! Sisi tulidhani ana kompresa!"

"Na wewe Ubwa, ulisikia nini? Shh, shh?"

Ubwa aliondoka bila ya kumaliza kahawa. Walicheka mpaka alasiri, na kila aliyepita aliitwa akahadithiwa upya, na Ayoub alikaa katikati yao masikio yanamwaka, hakukimbia. Ghanim peke yake hakucheka. Alipolipa kahawa yake alisimama mbele ya Ayoub.

"Tangu darasa la pili," alisema, "nilikuwa nakaa nyuma yako nikiibia majibu ya mitihani. Wewe ndo uloniona mie wa kuonewa wivu?" Akatikisa kichwa, akenda zake. Ayoub hakujua kama amesamehewa au ametukanwa.

Jumamosi asubuhi mtu mmoja alisimama kwenye duka la Ghanim akaulizia friji. Na simu ya Ayoub ikalia.

"Habari zimeshafika huku," alisema Kazija. "Kabla ya samaki wa asubuhi."

"Jina lako sikulitaja."

"Najua. Wamelijua wenyewe. Sikiliza. Ukitaka kuja kwetu, usije peke yako. Njoo na mtu wa kukusemea, maana wewe kusema huwezi, na ukisema unaharibu. Lakini kabla ya hapo ntakuulizia. Kila mwanamke anauliza."

"Utamuuliza nani?"

"Hapo mjini nnamjua nani mwengine? Ntamuuliza ndugu yangu. Akinambia wewe mzima, huna ubovu, sawa. Akinambia lengine, sitaki tena kukusikia."

Akakata.

Ayoub alikaa kwenye kiti chake, bisibisi mapajani. Ng'ambo ya uchochoro Ghanim alikuwa anamwonesha yule mteja jiko la gesi. Simu ya Ghanim ikalia, na Ayoub akajua ni Kazija. Aliitazama, akamwachia mteja jiko, akatoka mpaka kwenye ukingo wa baraza lake, akampa Ayoub mgongo. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akaanza kusema, mkono mmoja unakwenda juu na chini kama kawaida yake, na lori la magodoro likapita katikati na kelele zake.

Lori lilipoondoka Ghanim alikuwa bado anasema. Kanzu yake ilikuwa ile ya rangi ya maziwa. Ayoub aliona bega lake likitikisika, akajua anacheka, na hakuwa na njia yoyote ya kujua anachekea nini.